AFYA YA NYUMBANI: Mashine ya Pumzi Isirudishwe Sandukuni

Katika mabweni ya kambini kukoroma ni jambo la kuchekesha. Mwenye kukoroma hupewa jina la utani, hutupiwa kiatu gizani, na asubuhi maneno yakaisha. Lakini upo mkoromo usiochekesha, nao ni ule unaokatika ghafla. Kifua huinuka na kushuka ilhali hewa haipiti. Chumba hunyamaza sekunde 10, 20, hata zaidi. Kisha mlalaji hushtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akavuta pumzi kwa kishindo, na mkoromo ukaanza upya. Mwenyewe hana habari. Mwenye habari ni mkewe, aliyekaa macho akihesabu.

Maradhi hayo ya kukatika pumzi usingizini hutokana na misuli ya koo kulegea hata njia ya hewa ikajibana. Matabibu huhesabu ni mara ngapi pumzi hukatika au hupungua sana katika saa moja ya usingizi: zikifika 5 jambo huanza kuangaliwa, na zikifika 30 maradhi huitwa makali. Damu hupungukiwa na oksijeni, shinikizo la damu hupanda, moyo huchoka. Mchana nao usingizi humvamia mtu mahali asipoutaka: lindoni, kwenye usukani wa gari la doria, au amesimama mbele ya mkubwa wake. Yamkini wapo walioadhibiwa kwa uvivu ilhali walikuwa wagonjwa.

Tiba yake kubwa ni mashine ndogo inayosukuma hewa kwa nguvu ya kiasi kupitia mpira na barakoa, ili koo lisijibane. Hospitalini huitwa kwa herufi CPAP. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliijaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1980, na habari zake zikachapishwa mwaka 1981. Katika siku hizo za mwanzo ilitumika mota ya namna ya mashine ya kufyonzea vumbi, na barakoa ilibandikwa usoni kwa gundi. Leo inatosha juu ya meza ya kando ya kitanda na haina kelele nyingi. Hata hivyo wagonjwa wengi huiacha katika majuma ya mwanzo, na aghalabu si kwa sababu haitibu. Huiacha kwa sababu ya kidonda cha pua, kinywa kilichokauka, au maji yaliyowamwagikia usoni saa nane za usiku.

Na achukuliwe kwa mfano polisi mstaafu aliyerudi kwao Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe katika bonde la Luapula nchini Zambia, kusini mwa Nchelenge na mwambao wa ziwa Mweru. Mashine amepewa Lusaka. Amefika nayo nyumbani, ameitumia usiku tisa, na usiku wa kumi ameirudisha sandukuni akisema, “Mama, kitu hiki ni cha watu wa mjini.” Mama huyo, ambaye kwa usiku tisa alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, hakubishana naye. Aliitoa tena, akachukua daftari la shule la mjukuu, akamwuliza bwana wake swali moja: “Baba, kilichokuumiza hasa ni nini?”

Swali hilo ndilo msingi wa kazi yote. “Sikuipenda” haina dawa. “Hewa inanipuliza machoni” inayo.

Barakoa inapovuja, mtu huvuta mikanda. Ikivuja tena huvuta zaidi, na asubuhi ana alama nyekundu mpaka kisogoni na kidonda juu ya mfupa wa pua, na hewa bado inatoka. Sehemu laini ya barakoa imeundwa ijae hewa kama mto na kujiegemeza usoni. Mikanda ikiukandamiza mto huo, hukunjana na kufanya mifereji ya kupitishia hewa. Dawa yake ni kinyume cha mazoea. Mgonjwa alale kwanza, kwa namna anayolala siku zote, kwa kuwa uso wa mtu aliyelala si ule wa aliyeketi. Mashine iwashwe. Mikanda ilegezwe, barakoa ivutwe mbele kidogo itoke usoni, irudishwe taratibu hata ijae, ndipo mikanda ikazwe kidogo kidogo, kulia na kushoto sawasawa, mpaka uvujaji ukome. Hapo isikazwe tena. Ifahamike pia kwamba barakoa ina vitundu vidogo ambamo hewa hutoka daima. Hivyo ni vya kutolea pumzi chafu, na ni hatari kubwa kuviziba kwa plasta eti vinavuja.

Mafuta ya uso nayo huharibu mambo. Sehemu ile laini yafaa kuoshwa kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, na ikaushwe kivulini. Mwenye ndevu hupata taabu zaidi, na kwake barakoa inayokaa chini ya matundu ya pua tu huenda ikafaa kuliko ile inayofunika pua na mdomo. Ikiwa mambo yote yamefanywa na kidonda kingali palepale, basi kipimo cha barakoa si chake, na aende akabadilishiwe. Hakuna ushujaa katika kuvumilia barakoa isiyomkaa mtu, kama vile hakuna katika kuvumilia buti finyu.

Wengine hulalamika kwamba wanaona kama wanakabwa. Hao wasianzie usiku. Waivae mchana, wameketi, wakisikiliza redio, dakika 15 leo na 30 kesho, mpaka uso uizoee. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanzia na hewa ndogo, ikapanda polepole mtu anapopitiwa na usingizi. Mstaafu wa mfano wetu hakujua kitufe hicho kipo. Alikuwa akipokea msukumo wote tangu dakika ya kwanza.

Kinywa kikiwa kikavu kama kamba alfajiri, kwa kawaida mlalaji amefumbua mdomo, hewa ikaingia puani na kutokea kinywani. Pua iliyoziba ndiyo chanzo mara nyingi. Isafishwe kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa vizuri, na kama haifunguki tabibu aiangalie. Asiyeweza kufunga mdomo hupewa barakoa ya kufunika pua na mdomo pamoja. Kisanduku cha maji kilicho ubavuni mwa mashine husaidia kuilainisha hewa. Humo hutakiwa maji yaliyotoneshwa, kama yale ya betri yasiyotiwa asidi, kwa sababu maji ya kisima huacha ukoko. Yakikosekana, yaliyochemshwa yakapoa yatasaidia kwa siku chache. Yanaua vijidudu lakini ukoko hubaki, nao huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji. Maji ya jana yasitumike leo. Tena mashine isiinuliwe wala kusafirishwa ikiwa na maji ndani, yasije yakaingia kwenye mota.

Halafu kuna maji ya ndani ya mpira. Mwezi Julai usiku wa Luapula hupoa, na ndio mwezi wa sherehe ya Mutomboko, nyumba za Mwansabombwe zinapojaa wageni. Hewa ya joto yenye unyevu ikipita katika mpira uliopoa hugeuka matone, matone yakakusanyika, mpira ukaanza kugugumia, kisha yakamfikia mlalaji puani. Joto la kisanduku lipunguzwe, mashine iwekwe chini kidogo kuliko kichwa ili maji yarudi yalikotoka, na mpira uvikwe kitambaa kizito. Soksi ndefu za jeshi zilizokatwa vidole zinatosha kabisa. Kuhusu wageni, bwana yule alikuwa ameificha mashine kwa haya. Haya hiyo inaeleweka, lakini wageni hao hao walikuwa wamemsikia akikoroma miaka ishirini.

Jambo moja la majira ya baridi halina mzaha. Mbaula ya makaa isiingizwe katika chumba cha kulala. Moshi usioonekana wa makaa huua hata pasipo mashine, na chujio la mashine haliuzuii. Mashine huvuta hewa ya chumba jinsi ilivyo na kumsukumia mgonjwa. Jenereta kadhalika ikae nje, mbali na dirisha.

Chujio lenyewe ni kitu kidogo kinachosahauliwa. Pwani ya Nchelenge kuna vumbi la kiangazi, moshi wa kubanika samaki, na harufu ya chisense waliokaushwa, ndugu wa dagaa, ambayo huwaita mende. Mende hupenda mpira wenye joto. Asubuhi, baada ya kuoshwa na kukauka, mpira na barakoa viwekwe katika mfuko safi wa kitambaa uliofungwa. Chujio la sponji huoshwa kila juma. Lile jeupe la karatasi halioshwi, hutupwa likishapata rangi ya kijivu.

Chandarua kisiachwe kwa ajili ya mpira. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi sana, na kutibu koo huku mbu wakila miguu si tiba. Mpira upitishwe chini ya chandarua upande wa kichwani, ncha zake zikachomekwa chini ya godoro, huku mashine ikikaa nje. Wapulizaji wa dawa ya mbu wanapokuja kunyunyizia kuta, mashine na vyombo vyake vyote vitolewe nje kwanza, virudishwe kuta zikiisha kukauka.

Yaliyobaki ni umeme, na hapa ndipo wengi hukata tamaa kwa haki. Mwaka 2024 ukame ulipokausha Bwawa la Kariba, Zambia nzima iliingia katika mgao, umeme ukikosekana saa nyingi kila siku. Mashine haina budi kuwa na betri. Baadhi hutumia betri ya volti 12, nyingine 24, kwa waya wao maalumu. Alama yake imeandikwa chini ya mashine na isikisiwe. Kinachokula umeme mwingi si mota bali joto la kisanduku na la mpira, basi usiku wa betri vizimwe vyote viwili. Hesabu yake ni nyepesi: mashine inayovuta ampea 1.5 kwa volti 12 itakula ampea-saa 12 katika usiku wa saa 8. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo iliyoandikwa 50 itatoa 25 hivi, yaani usiku mbili. Ile ya kuwashia gari hufa upesi kwa kazi hii. Inunuliwe ya namna itumikayo kwa umeme wa jua. Ikichajiwa, ichajiwe mahali penye hewa, si chini ya kitanda. Anayetumia inveta achague inayotoa mawimbi safi kama ya umeme wa gridi, kwa maana zile za bei rahisi zaweza kuharibu kisanduku cha joto.

Betri nayo ikiisha, barakoa ivuliwe. Mgonjwa alale ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na usiku huo asiguse pombe wala dawa za usingizi. Si badala ya mashine, ila ni bora kuliko kulala chali.

Mambo mawili yawahusu askari hasa. Baadhi ya barakoa zina vifungo vya sumaku, na tangu mwaka 2022 watengenezaji wametoa maonyo juu yake. Mwenye kifaa cha kuongoza moyo, au mwenye kipande cha chuma kilichobaki jichoni au kichwani kutoka vitani, amwambie tabibu kabla ya kuivaa, naye mke anayelala kando yake mwenye kifaa cha namna hiyo asisahauliwe. La pili ni mashine za mkono wa pili, zile ambazo jamaa huleta kutoka Ulaya. Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji iliyokuwa ndani ingeweza kuchakaa na mgonjwa akavuta vumbi lake. Namba ya mashine isomwe na ipelekwe kwa fundi wa hospitali kabla haijawashwa. Hata ikiwa nzima, msukumo uliopangwa ni wa mwenyewe wa kwanza. Huo haubadilishwi nyumbani, wala kwa kubahatisha vitufe, wala kwa kuazima cha jirani.

Tumbo likijaa hewa asubuhi, au usingizi wa mchana ukarudi ingawa barakoa haivuji, hayo si ya kurekebishwa sebuleni. Hapo ndipo lile daftari la mjukuu linapohitajika. Mama ameandika humo tarehe, saa bwana alizoivaa, mahali ilipovuja, na siku alizosikia mkoromo ukikatika ilhali barakoa iko usoni. Daftari liende hospitali pamoja na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyomo katika baadhi ya mashine, na barakoa yenyewe iende, haidhuru imechakaa namna gani, ili mgonjwa aambiwe alale kitandani pale pale, aivae kama anavyoivaa nyumbani, na tabibu aone kwa macho yake hewa inatokea wapi.