Kiwango Sawa Bila Siku Sawa Si Ujira Sawa



Wapo watakaouliza kriketi imeingiaje katika ukurasa wa chama. Jibu ni fupi. Mchezaji anayelipwa ni mfanyakazi kama wewe na mimi. Ana mwajiri, ana mkataba, ana kiwango cha malipo, na akivunjika mkono asubuhi hana cha kuuza jioni. Wala mchezo huu hauko mbali nasi. Tangu mwaka 2014 Rwanda imekuwa ikiandaa mashindano ya wanawake ya Kwibuka, na timu za Kenya, Uganda na Tanzania zimecheza huko. Lakini leo nataka tutazame ziara ya wanawake wa Australia nchini Uingereza mwaka 2023, kwa sababu ina somo kwa kila tawi lenye wanawake.

Mashindano ya nchi hizo mbili ni ya zamani. Mwaka 1934 wanawake wa Uingereza walipanda meli kwenda Australia, na nauli walijilipia wenyewe. Mechi ya kwanza ilianza Brisbane tarehe 28 Desemba 1934. Kwa miaka mingi baada ya hapo mwanamke aliyechezea nchi yake alihesabiwa kuwa anajifurahisha tu, hafanyi kazi.

Tangu mwaka 2013 mshindi hupatikana kwa kujumlisha pointi za mechi za aina tatu. Kuna mechi ndefu iitwayo Test, ya siku nne au tano. Kuna mechi ya siku moja, ambayo kila timu hurushiwa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Kuna mechi fupi ya ova 20, ambayo huisha kwa saa tatu hivi. Mwaka 2023 Test ilikuwa moja, yenye pointi 4. Mechi za siku moja zilikuwa tatu na fupi tatu, kila moja pointi 2. Jumla pointi 16.

Test ilichezwa Nottingham kwa siku tano. Tammy Beaumont wa Uingereza alipata mikimbio 208 katika zamu moja. Ashleigh Gardner wa Australia aliwatoa wapinzani 12 katika mechi nzima, na Australia ikashinda. Baadaye Uingereza ilishinda mechi nne kati ya sita zilizobaki. Hesabu ikawa 8 kwa 8, na taji likabaki kwa Australia waliokuwa nalo. Watu zaidi ya 110,000 waliingia viwanjani kutazama mechi hizo saba. Basi asituambie mtu kwamba hii haikuwa kazi.

Sasa tutazame karatasi ya mshahara. Tarehe 27 Juni 2023, siku moja tu baada ya Test kwisha, tume huru iliyochunguza usawa katika kriketi ya Uingereza ilitoa taarifa yake. Ilieleza kwamba mwanamke wa timu ya taifa alilipwa kwa mechi za siku moja na mechi fupi robo ya malipo ya mwanamume. Kwa Test alipata asilimia 15. Mchezo ule ule, jua lile lile. Aibu ilikuwa kubwa, na tarehe 30 Agosti 2023 wakuu wa kriketi wa Uingereza wakatangaza kwamba malipo ya kila mechi yatakuwa sawa kuanzia hapo.

Ni hatua njema, na tunaipongeza. Lakini mfanyakazi mwenye akili hasomi kiwango peke yake. Anauliza: nitapewa siku ngapi? Katika majira yale yale ya mwaka 2023, wanaume wa nchi hizo mbili walicheza Test tano. Wanawake walicheza moja. Weka malipo ya Test yawe sawasawa hadi senti ya mwisho, bado mmoja atalipwa mara tano na mwenzake mara moja.

Tena kuna mshahara wa mwaka, ambao ni mbali na malipo ya mechi. India ilitangaza Oktoba 2022 kwamba mwanamke na mwanamume watalipwa sawa kwa kila mechi. Lakini katika mikataba ya mwaka ya wakati huo, mwanamume wa daraja la juu alipata rupia milioni 70, na mwanamke wa daraja la juu milioni 5. Hiyo ni mara 14.

Wachuma chai wanaijua hesabu hii kuliko mimi. Katika shamba moja nililopata kusimamia majadiliano, tajiri alikubali bila ubishi kilo moja iwe na bei moja kwa wote. Mwisho wa mwezi bahasha za wanawake zilikuwa nyembamba. Nyapara alikuwa akiwaita siku chache, na akiwaita huwapeleka kwenye miche iliyochoka. Mama mmoja akasimama mkutanoni akaeleza kwamba bei ya mizani ni sawa, ila wao mizani hawaioni. Tulirudi mezani kudai orodha ya zamu, na hapo ndipo tajiri alipoanza kutoa jasho.

Wenye viwanja husema wanawake hawaleti watazamaji. Lakini nani anayepanga ratiba? Mtu ananyimwa mechi kwa kuwa hana watazamaji, naye hana watazamaji kwa kuwa ananyimwa mechi. Ni sawa na kumnyima mwanamke mafunzo ya mashine, kisha kusema hajui mashine.

Njia ya kutoka imekwisha kuonyeshwa, na walioionyesha ni chama cha wafanyakazi. Mwaka 2017 chama cha wachezaji wa Australia kilikataa mkataba uliowagawa wachezaji. Tarehe 30 Juni mikataba ikaisha, na wachezaji kama 230 wakabaki bila kazi. Wanaume wa timu ya pili ya taifa wakagoma kwenda ziara ya Afrika Kusini. Tarehe 3 Agosti mapatano yakafikiwa, na kwa mara ya kwanza wanaume na wanawake wakawa katika mkataba mmoja. Fungu la malipo ya wanawake likapanda kutoka dola za Australia milioni 7.5 hadi milioni 55.2. Wanaume mashuhuri wangeweza kutia sahihi mapema na kwenda zao. Hawakufanya hivyo.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mapatano Na. 100 mwaka 1951, juu ya ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Karatasi ipo. Kinachotakiwa ni sisi kuisoma mpaka mwisho. Kwa hiyo, ndugu viongozi wa matawi, mkienda mezani msidai kiwango tu. Daini siku za kazi ziandikwe, zamu zigawanywe mbele ya mjumbe wa chama, na wanawake wa msimu wawemo katika mkataba ule ule wa wanaume wa kudumu. Na mjumbe mwanamke akae mezani, si jikoni kuchemsha chai ya mkutano.

Tajiri akikubali upesi, hesabuni tena.

Umoja ni nguvu.