Pasi ya VIP ya Safari Rally: unalipia gari ama unalipia kivuli?

Wiki za kawaida, wateja wetu wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki hutuuliza mambo ya kawaida: pesa imekwama, PIN imesahaulika, nambari imekosewa. Safari Rally ikikaribia, swali hubadilika, na huja kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshika simu mkononi. "Nimeona tiketi ya VIP ya Naivasha. Ninunue ama niachane nayo?"

Kazi yetu ni malipo, si mbio za magari. Lakini pesa inapita kwetu, na tumeona inavyotoka na vile watu hujuta baadaye, kwa hivyo tuna maoni. Tuyaweke hapa juu usije ukasoma hadi mwisho ukitafuta jibu: kwa wengi wetu wa upande huu wa mlima, pasi ya VIP hailipi. Kuna watu inawafaa kabisa, na tutawataja. Na kuna namna mbili za kuinunua ambazo hazimfai mtu yeyote, awe na pesa ama asiwe nazo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Ukienda mbio za sakiti kama za Formula 1 kule Monaco, magari huzunguka mara 78. Umekaa kiti kimoja, una kinywaji chako, na kila gari linapita mbele yako mara 78. Hapo ukiambiwa kiti kizuri ni ghali, unaelewa ni kwa nini. Rally si hivyo. Gari unalisikia kabla ya kuliona, linatokea kwenye kona, linapita na vumbi lake, limeenda. Hizo ni sekunde chache tu, hata ukiwa na mahali pazuri. Linalofuata huja baada ya dakika kadhaa, maana lazima vumbi litulie dereva aone njia. Mikondo mingi ya Naivasha hukimbiwa mara mbili kwa siku, asubuhi halafu mchana, na katikati kuna masaa ya kukaa tu. Dereva unayempenda utamwona mara mbili. Ukihesabu vizuri, siku nzima umemtazama kwa muda usiofika dakika moja.

Sasa jiulize pasi ya VIP inakupa nini. Haiwezi kukupa gari lipite mara ya tatu. Inakupa hema, kiti, chakula, choo safi, mahali pa kuegesha gari, pengine televisheni ya kufuatia mikondo mingine. Yaani unalipia masaa ya kusubiri. Hilo si kosa, kusubiri kuna bei yake, hasa Kedong ama Soysambu ambako hakuna mti wa maana na vumbi ni laini kama unga wa ngano. Lakini mtu ajue analipia nini. Wengi wanaotuuliza hudhani wanalipia kuona zaidi.

Sisi wenyewe tulijaribu. Kuna mwaka tulienda watu wanne kutoka ofisini, siku ya Jumapili, Hell's Gate. Wawili walikuwa na pasi, wawili tukasimama na umma. Jioni tulipokutana tukalinganisha video kwenye simu. Zetu zilikuwa bora, na si kwa sababu sisi ni wapiga picha. Tuliweza kutembea kando ya kamba hadi tukapata kona tuliyoipenda, wenzetu walikuwa wamefungwa na ua wa hema lao. Wao nao walikuwa wamekula mara tatu, wamechaji simu, na mvua ilipoanguka saa nane hawakulowa. Sisi tulilowa hadi soksi. Mmoja wetu bado anasema angelipa pesa yoyote kwa hilo hema wakati ule wa mvua. Mwingine anasema mvua ndiyo rally yenyewe. Hatujaafikiana mpaka leo.

Kitu kimoja tulijifunza siku hiyo kinahusu kazi yetu moja kwa moja. Maelfu ya watu wakiwa mahali pamoja, mtandao unalemewa. Mama aliyetuuzia nyama choma alingoja ujumbe wa malipo hadi akaanza kututazama vibaya. Mwenzetu, kwa haraka ya kuondoa aibu, akalipa mara ya pili. Baadaye ujumbe zote mbili zikaingia. Kwa hivyo, VIP ama si VIP, beba noti kidogo za mia na mia mbili, na ujumbe ukichelewa angalia salio kwanza kabla ya kutuma tena. (Yule mama alirudisha pesa, Mungu ambariki.)

Wazee wa huku watacheka wakisikia mtu analipa kuona Safari. Mbio hizi zilianza 1953, na kwa miaka mingi zilikuwa zinapita barabara za umma, zikizunguka hata huku kwetu Mlima Kenya, kwenye tope jekundu la msimu wa Pasaka. Mtu alitoka shambani, akasimama kando ya barabara na jembe lake, akamwona Joginder Singh akipita, akarudi kulima. Joginder alishinda 1965, 1974 na 1976, na kuna guka wengi katika kaunti hizi ambao watakuambia walimrushia mkono. VIP ya siku hizo ilikuwa kuwa na mjomba mwenye pikapu. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, iliporudi 2021 ikawa ya Naivasha, na mikondo mingi ikawa ndani ya ranchi na mbuga. Ndiyo maana leo kuna lango, na penye lango hapakosi tiketi. Kando kidogo: tangu irudi, 2021 hadi 2025, mshindi alitoka na Toyota kila mwaka. Na sisi hapa stage ya Nyeri bado gari la Toyota tunaliita nissan.

Turudi kwa pesa. Bei ya pasi hubadilika kila mwaka na kila eneo, kwa hivyo tusikudanganye na nambari. Tuchukue mfano tu, tuseme pasi ni shilingi 15,000 kwa siku moja. Mtu wa Nyeri hajamaliza hapo. Ama unapitia Karatina, Thika na Nairobi halafu ushuke bonde, ama unazungukia Mweiga na Nyahururu hadi Gilgil. Njia zote mbili ni safari ya nusu siku, na wikendi ya rally msongamano wa barabara ya Naivasha unajulikana. Huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukabaki mtu. Lazima ulale, na vyumba vya Naivasha wikendi hiyo havina huruma, hata vile ambavyo siku nyingine vingekuomba uingie. Pasi basi si gharama ya safari, ni nyongeza juu ya safari. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu: wanalipa pasi mapema kwa furaha, halafu Alhamisi wanagundua hawana pa kulala.

Ukituuliza, hiyo 15,000 ya mfano ingegawanywa hivi. Sehemu kubwa iende kwa kitanda, ukilipe mapema, mkiwa watu watatu ama wanne kwa chumba. Mafuta ya gari mchange. Kofia, koti la mvua, maji, na barakoa ya vumbi, hizo ni mia kadhaa sokoni. Itakayobaki ule nayo nyama. Utasimama, ndiyo. Utachoka. Lakini utakuwa umeona kila kitu alichoona mwenye hema.

Na kabla hujaamua chochote, angalia ratiba rasmi ya mwaka huo. Njia hubadilika. Kwa mfano kuanzia 2021, kwa miaka kadhaa, kulikuwa na mkondo wa Kasarani, chini ya kilomita 5, magari mawili yakishindana kwa wakati mmoja. Kwa mtu anayetoka Nyeri ama Murang'a huo ulikuwa mkondo wa kushuka tu Thika Road, kutazama, na kurudi nyumbani kulala kwako. Hata mbio za ubingwa wa taifa zimewahi kuletwa Nanyuki. Mtu anaweza kuona magari yakiruka bila kulipia hata chumba.

Sasa zile namna mbili mbaya za kununua.

Ya kwanza ni kulipa kwa nambari ya mtu. Mteja wetu mmoja wa Karatina aliona tangazo kwenye grupu ya WhatsApp: pasi mbili, bei ya kutupa, "mwenyewe amepata safari ya ghafla". Akatumiwa picha ya tiketi, nzuri, na mpaka alama ya kuskani ilikuwepo. Akaambiwa atume pesa kwa nambari ya simu, na aongeze ya kutoa. Hayo maneno matatu, "na ya kutoa", yangetosha kumsimamisha. Mwandalizi wa mbio za dunia hatoi pesa kwa ajenti kwenye kibanda. Anapokea kwa nambari ya biashara, na kabla hujaweka PIN jina la biashara linatokea kwenye skrini. Likiwa ni jina la mtu binafsi, simama hapo. Alipotupigia, zilikuwa zimepita dakika arobaini na pesa ilikuwa imeshatolewa. Tunaweza kujaribu kurudisha pesa ambayo bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Iliyotolewa taslimu, tunabaki kukupa nambari ya muamala uende nayo polisi. Yeye alienda Naivasha hata hivyo, akasimama na umma kama sisi, lakini ile pesa ilikuwa ya mabati ya jikoni kwa mamake, na jiko lilikaa na turubai msimu wote wa mvua.

Ya pili ni mkopo wa simu. Kufuliza, kama wengi mnavyosema hata kama mnatumia huduma nyingine. Tunajua tunajikanyaga mguu kusema hivi, maana kampuni kama yetu hupata ada mkikopa. Mkopo wa simu ni wa nauli iliyopungua, dawa ya mtoto, mbolea ya kumalizia shamba. Ada yake huhesabiwa kwa siku, na siku haziangalii kama ulifurahi Naivasha. Rally ikiwa mwezi wa tatu, ukimaliza kushangilia karo ya muhula wa pili inabisha hodi, na mkopo uko palepale umenenepa. Tumeona watu wakikopa mara ya pili kulipa ule wa kwanza, na chanzo ni wikendi moja.

Kama unaitaka pasi kweli, na hatukatazi mtu, kuna njia. Wengi wa Othaya na Mukurweini hupata bonasi ya majani chai mwezi wa kumi. Kuanzia katikati ya mwezi huo hadi katikati ya Machi kuna kama siku 150. Shilingi mia kwa siku kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, ile ambayo huwezi kuitoa usiku ukiwa na kiu, inafika 15,000. Ukifika Machi bado unaitaka, nunua bila kuuliza mtu. Tuna hakika nusu yenu mkiiona hiyo pesa imekaa pamoja mtapata jambo lingine la kuifanyia, na hiyo pia ni jibu.

Halafu wale inaowafaa. Mtu wa biashara anayepeleka wateja wake, huyo hanunui rally, ananunua meza ya mazungumzo, na apige hesabu yake kama ya chakula cha mkutano. Mama mwenye mtoto mchanga ambaye hatakubali kubaki nyumbani, choo safi na kivuli kwake si anasa. Mtu ambaye miguu haimruhusu kusimama. Na wazee.

Huyu wa mwisho ametufanya tubishane ofisini. Mwenzetu mmoja ana guka yake kule Tetu, miaka themanini na kitu, ambaye aliona Safari mara ya mwisho akiwa kijana kando ya barabara. Anataka kuona tena kabla hajachoka zaidi. Hawezi kusimama saa sita kwenye jua, hawezi kutembea kilomita mbili kutoka mahali pa kuegesha hadi kwenye kamba. Tulikaa na kalamu, tukatoa hesabu ileile tuliyokupa hapa, na safari hii ikatoka tofauti. Tumechanga. Pasi mbili tu, ya guka na ya mjukuu wa kumshika mkono, zimelipwa kwa nambari ya biashara na ujumbe umehifadhiwa. Sisi wengine tutakuwa ng'ambo ya kamba na makoti ya mvua, na mzee ameshatuuliza mara mbili kama huko ndani ya hema atasikia gari likija.