Ukimya Usiandikwe Kuwa Ridhaa: Wito kwa Wajumbe wa Mikutano ya Vijiji

Katika Tanzania Bara, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kikao cha wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18, ndicho chombo cha juu cha maamuzi ya kijiji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inauongezea uzito, kwa kuwa Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano huo haujaridhia.

Ridhaa hiyo, hata hivyo, mara nyingi hutokana na wasemaji wachache. Mwenyekiti huuliza kama hoja imeafikiwa, walioketi mbele huitikia, na mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa kikao, huandika katika muhtasari kwamba mkutano umekubali, ingawa waliokaa nyuma, aghalabu wanawake, vijana na wahamiaji, hawakutamka neno. Si kwamba hawana la kusema: wapo wanaoogopa kumpinga mkwe au mdai wao hadharani, wapo wanaoisikia ajenda kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo, na wapo wanaongojea kipengele cha mengineyo, ambacho hufikiwa jua likizama na nusu ya watu wamekwisha kuondoka. Sheria ya 1999 iligusa sehemu ya tatizo hili ilipoagiza kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 na kazi ya kusuluhisha migogoro, liwe na wanawake wasiopungua 3. Lakini nafasi ya kuketi haitoshi pale ambapo utaratibu wa kuzungumza umebaki ule ule.

Kwa hiyo wenyeviti wanaombwa kutangaza ajenda vitongojini siku kadhaa kabla, kuruhusu makundi madogo yajadili kwanza na kumteua msemaji asiye kiongozi, na kupiga kura ya siri panapoamuliwa suala la ardhi. Wasemaji hodari, ambao kila kijiji kinao, wasubiri zamu ya pili mpaka wengine wapate ya kwanza. Wananchi wote nao wadai muhtasari wa kikao kilichopita usomwe kwa sauti, na asiyekubaliana nao aseme kabla haujathibitishwa, kwani ndio ushahidi utakaotafutwa shamba litakapogombaniwa.