Mamlaka Juu ya Uovu Si Mamlaka Juu ya Jirani

Wanawake wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, huingia baharini maji yanapokupwa ili kuyatunza mashamba yao ya mwani. Chini ya maji ipo miiba. Mwenye busara huvaa viatu, wala hakuna amwambiaye kwamba amepungukiwa na imani.

Twalitaja hilo kwa sababu ya aya ipendwayo sana na wanafunzi wa Kikristo, Luka 10:19, ambamo Yesu anawaambia wafuasi sabini kuwa wamepewa uwezo wa kuwakanyaga nyoka na nge, na kuzishinda nguvu za adui. Adui huyo ni nani? Swali hili si la mtihani tu. Katika Kwale na Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi zimefanywa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pamejificha ugomvi wa shamba la urithi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumshutumu mtu kuwa ni mchawi kuwa kosa. Lakini sheria peke yake haiondoi hofu.

Yafaa aya hii isomwe pamoja na zile zinazoizunguka. Aya iliyotangulia yamtaja adui kwa jina: ni Shetani, si binadamu. Aya ifuatayo yawakataza wafuasi wasijivunie kutiiwa na pepo. Tena, katika sura ya tisa, Yakobo na Yohana walitaka moto ukiteketeze kijiji cha Wasamaria, Yesu akawakemea. Na sura hiyo ya kumi yaendelea kwa mfano wa Msamaria aliyemhudumia majeruhi njiani. Aliyetakiwa ateketezwe ndiye aliyefanywa kielelezo cha ujirani!

Waislamu wa pwani nao humwomba Mungu hifadhi dhidi ya shari. Kuomba hifadhi si kibali cha kumdhuru mtu.

Basi walimu hawana budi kuwafundisha vijana kwamba uovu wa kukanyagwa kwanza ni chuki, tamaa na uongo vilivyomo nyoyoni mwetu. Kijana amwaminiye Mungu kuwa ana nguvu kuliko uchawi, ana sababu gani ya kumwogopa bibi kizee, seuze kumwinulia panga?