Taa nyekundu na kona ya kuume: kila mji na sheria yake

Vijana wengi wa Kasongo na Kabambare wananunua pikipiki kwa feza ya shimo. Siku moja wanafika nayo Bukavu, Uvira ao Lubumbashi, na kule njo ulizo linaanza: taa ikiwa nyekundu na mimi nataka kukata kuume, nisimame ao nipite?

Katika inchi yetu jibu liko ndani ya sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile tunaita Code de la route. Taa nyekundu ni kusimama, hata kama kuume ni wazi kabisa. Unapita tu kama mushale wa kijani umewaka, ao kama polisi wa barabarani amekupa njia. Mukono wa polisi unapita taa. Na yale maroboti makubwa yaliyosimamishwa Kinshasa tangu 2013 na kundi la muhandisi Thérèse Izay, yenye taa kifuani, hayakubadilisha kitu: nyekundu ni nyekundu.

Wenye ndugu Marekani watasema: « Kule watu wanapita. » Ni kweli. Miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, serikali yao ilisukuma majimbo yaruhusu gari kusimama kwanza, kisha kukata kuume kwenye taa nyekundu, ili mafuta yasiungue bure. Lakini mji wa New York unakataza, isipokuwa pale kibao kinaruhusu. Quebec, huko Kanada, iliruhusu mwaka wa 2003, ila kisiwa cha Montréal kikabaki na katazo. Ufaransa wanaachia baiskeli peke yake, tena pale penye kibao kidogo.

Sababu gani miji mikubwa inakataa? Ni watu wa miguu. Dereva anayekata kuume macho yake yako kushoto, kule gari zinatokea. Mama anayevuka upande wa kuume, hamuoni.

Sasa tujiulize: katika miji yetu, nani njo wengi barabarani? Ni wamama wenye mizigo, wanafunzi, wasukumaji. Basi sheria yetu inatufaa kuliko ile ya Marekani. Na anayevuka ziwa kwenda Kigoma ajue kwamba Tanzania wanapita kushoto. Macho yaliyozoea kwetu yatamudanganya.

Siye tunaona vyama vya wamotari vya Kasongo, Kabambare na Salamabila vifundishe mambo haya mbele kijana hajaondoka. Mutu anaweza kukomaa huku bila kusimama hata mara moja mbele ya taa. Pikipiki ikikamatwa, ni miezi ya shimo imepotea. Na mguu ukivunjika, nani atashuka shimoni kutafutia watoto chakula?