Samaki wa Mahafali Msiwamwage Mtoni



Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi. Siku hizi nipo ukweni, Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kila mwisho wa mwaka nashona majoho ya mahafali ya chekechea. Safari hii skuli ya mwanangu imeniletea oda ya majoho pamoja na karatasi ya mchango. Watoto wamefuga vifaranga vya sato kwenye tangi darasani. Siku ya mahafali watawaachia mtoni, wapigwe picha, kisha tule pilau. Eti ndiyo kuwafundisha kupenda viumbe vya Mungu.

Mchango wa pilau nimetoa. Wa kumwaga samaki nimekataa, na nimeshaitwa mwenye roho mbaya. Basi nisikilizeni.

Kufuga sipingi hata kidogo. Mwanangu ana miaka mitano, na kwa tangi lile amejua kwamba chakula kikizidi kinaoza na maji yanachafuka. Mwalimu amewaeleza kwamba mama sato huweka mayai yake mdomoni na kuyalinda humo mpaka watoto watoke. Somo zuri, mashaallah.

Ninachopinga ni kuwamwaga. Mito ya huku juu ina maji ya baridi, na sato ni samaki wa maji ya joto. Wengi watakufa, na sisi tutakuwa tumewafundisha watoto kuua huku tukiwapigia makofi.

Watakaonusurika wakateremka hadi tambarare ndio hatari zaidi. Huku ni bonde la mto Pangani, ambao humwaga maji yake baharini, ng'ambo tu ya visiwa vyetu. Bonde hilo lina perege wake wa asili wasiopatikana kwengine. Sato wa kuletwa huzaana nao, wanatoka machotara, na wale wa asili wanazidi kupungua. Hapo jirani Rombo kuna Ziwa Chala, lenye perege ambaye Mungu hakumweka katika ziwa jingine lolote duniani. Leo wataalamu wanamhesabu miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka, na ziwani mwake wamo samaki wageni waliopelekwa na watu.

Mtasema, visamaki vya watoto vitafanya nini? Waulizeni watu wa Mwanza. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo miaka ya 1950 na 1960, kwa nia ya kuongeza samaki wa kuvuliwa. Biashara imepatikana, sikatai, mimi mwenyewe mfanyabiashara. Lakini aina nyingi za furu, wataalamu wanasema mamia, zikapotea. Nia njema haikuwarudisha.

Sisi mafundi tunalijua hili. Kitambaa ukipima vibaya, utapima tena. Ukishakata, basi. Kumwaga samaki mtoni ni kukata.

Nimewapendekezea hivi. Siku ya mahafali watoto wabebe ndoo zao, wawarudishe samaki kwenye bwawa la mfugaji walikonunuliwa. Huko watapata maji yanayowafaa na mtu wa kuwaangalia. Kisha watoto wapelekwe mtoni watazame vinavyoishi humo tayari, vyura na kaa wadogo, na waokote chupa za plastiki tulizotupa sisi wazazi wao. Picha zitapigwa vilevile, na majoho yatapendeza vilevile.

Na wewe bibi harusi, usiseme hayakuhusu. Inshaallah miaka michache ijayo karatasi kama hii itakuja mlangoni kwako, na utaona haya kuwa mama pekee anayekataa. Kataa. Viumbe ni amana, na amana haitupwi popote ili tupate picha.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Nakwenda. Niombeeni dua.