Chukueni Jani, Acheni Mzizi

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani huwekwa dirishani ua moja dogo la rangi ya urujuani, lenye majani manene yaliyojaa malaika. Aghalabu mwenye nyumba hajui kwamba asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, na hasa milima yetu ya Usambara.

Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka ua hili kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia, yaani jina la bwana yule. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika jambo hili mgeni alikuja akapona yeye. Wenzetu wamelifanya biashara kubwa, na sisi twalipita mwituni bila kugeuka.

Wako wachache wanaogeuka, walakini kwa njia mbaya. Mimi nilikuwa mmoja wao. Likizo moja nilipokuwa kidato cha pili, niling'oa mashina matatu kwenye jiwe kando ya kijito, nikayapanda katika kopo, nikaliweka uani penye jua kali. Nilimwagia maji asubuhi na jioni. Majuma mawili hayakutimia, yote matatu yakafa. Mwaka uliofuata nilipita pale pale, na jiwe lilikuwa tupu.

Kumbe hapakuwa na haja ya kung'oa, maana ua hili huzaa kwa jani. Mwombe mwenye ua la chunguni akupe jani moja lenye afya, si changa sana wala si zee. Likate pamoja na kikonyo chake, kiasi cha sentimita 3 au 4. Kichomeke kikonyo katika mchanga uliochanganywa na mboji, ndani ya kopo lililotobolewa chini. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, uweke kivulini penye mwanga. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya majuma machache mizizi hutoka, kisha miche midogo huchipua chini ya jani. Ikiwa na nguvu, itenganishe, kila mmoja upate kopo lake. Tangu hapo mwagia maji udongoni, maana maji baridi hutia majani mabaka.

Najua wako watakaosema, "Ua haliliwi." Ni kweli. Lakini ua huuzwa, na fedha yake hununua daftari. Tena mwanafunzi aliyeona kwa macho yake mizizi ikitoka katika jani halihitaji kulikariri somo lile usiku wa kuamkia mtihani.

Wengine watasema, "Yakijaa majumbani, msitu wa nini tena?" Hilo ndilo kosa ninaloliogopa zaidi. Mche uliotokana na jani ni sawasawa na mama yake. Makopo mia yaliyotoka katika jani moja ni ua lile lile mara mia. Ugonjwa ukiliweza moja, utayaweza yote. Huko mwituni huzaliwa kwa mbegu, kwa hiyo hutofautiana, na baadhi ya aina zake huonekana mahali pachache mno duniani. Mti mkubwa ukikatwa, kivuli huondoka, na ua lililo juu ya jiwe hukauka hata kama hakuna aliyeligusa. Kopo la nyumbani laweza kuuzuia mkono wa mng'oaji. Haliwezi kushika nafasi ya msitu.

Kwa hiyo natoa shauri. Chama chetu cha kilimo kitenge pembe moja ya baraza ya maabara, tuoteshe majani huko, na kila mwanafunzi anayekwenda likizo achukue kopo moja. Walimu wetu watuongoze. Nanyi wazazi, mtoto akija na kopo, msimwulize litaliwa lini. Mwonyesheni mahali penye kivuli, kisha mwulizeni kama miti ya kando ya kijito ingali imesimama.

Mimi jiwe langu nimekwisha kulifanya tupu. Yaliyobaki tuyaache na maua yake.